Uzi wa Kwanza wa Minza

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha ufundi cha kina mama pale Nyalikungu, nilifika na mfuko wa nyuzi nilizozichagua mwenyewe. Zilikuwa za buluu iliyokaribia weusi, laini, zenye manyoya kama ya kifaranga. Mkuu wa Kituo, mama wa maneno machache, alishika donge moja akalibonyeza.

"Umemchagulia nani, mwalimu?"

"Wanafunzi, mama."

"Hapana. Hizi umejichagulia wewe."

Nilidhani anakionea wivu cheti changu. Ujana una mambo.

Darasani alikuwamo Minza, mke kijana kutoka Ipililo, aliyefikia kwa shangazi yake pale mjini. Baba mkwe wake alimruhusu kusoma hadi pamba itakapoanza kuvunwa, kwa sharti moja: arudi na kitambaa cha meza kilichokamilika. Akirudi mikono mitupu, masomo ndiyo basi.

Kufuma kwa kroshia, ile sindano yenye ncha iliyopinda, huanza na mnyororo, yaani vitanzi vinavyofuatana. Mstari wa pili unapita kwenye matundu ya mnyororo huo. Sasa Minza matundu hakuyaona. Manyoya yaliyafunika, na rangi ile nzito ikamalizia. Akikosea na kutaka kufumua, uzi unashikana, hautoki. Wiki mbili zikapita ana kipande kisichozidi kiganja. Nami, badala ya kuutazama uzi, niliitazama mikono yake, nikasema mbele ya wenzake, "Hii ni mikono ya jembe, Minza. Kroshia haitaki nguvu." Aliinama tu. Maneno hayo yameniuma miaka yote.

Mkuu wa Kituo alikuwa mlangoni. Aliingia, akanikabidhi kroshia na lile donge.

"Fuma mistari miwili, mwalimu, kisha unionyeshe tundu la tatu kutoka mwisho."

Nilifuma. Tundu sikuliona. Darasa zima lilinitazama nikipapasa.

"Basi," alisema, akatoka.

Jumapili iliyofuata Minza alikwenda Ipililo, akarudi na uzi mweupe alioufumua kwenye magunia makuukuu ya pamba. Kwa kuwa ulikuwa mwembamba, alisokota nyuzi tatu pamoja. Ulinuka ghala, na ulikuwa mgumu kidogo, lakini kila kitanzi kilionekana, na alipokosea ulifumuka bila ugomvi. Pamba ilipopasuka kitambaa kilikuwa tayari, kimepinda upande mmoja.

Baba mkwe alikuja kumchukua mwenyewe. "Mwadila, mayu," alinisalimu Kisukuma, kisha akakikunjua kitambaa, akakivuta, akakinusa.

"Huu si uzi wa magunia yangu?"

Minza alipiga goti. "Ndiyo, baba."

Mzee alikigeuza kitambaa upande wa pili, nami nikaanza kutafuta maneno ya kumtetea binti.

"Gunia miaka yote linalala stoo," akasema. "Hili litakaa sebuleni. Avune na sisi, kisha arudi amalizie masomo."

Nilihamishiwa Nassa, baadaye Bariadi, na kote nilifundisha hivyo: uzi wa kuanzia uwe mweupe au wa rangi isiyokolea, unene wa wastani, usio na manyoya, tena unaokubali kufumuliwa, maana anayeanza hufumua zaidi kuliko anavyofuma. Bariadi, Afisa Maendeleo ya Jamii alitaka wanaoanza wapewe nyuzi za kumetameta kwa ajili ya maonyesho.

"Zinavutia wageni, mwalimu."

"Wageni hawafumi," nilimjibu. Alinuna, lakini nyuzi nyeupe zilinunuliwa.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, Minza alikuja. Siku hizi ni fundi mwenye duka lake hapa Bariadi, na ana wanafunzi wake. Alinifunika shali ya buluu iliyokaribia weusi, yenye manyoya. Macho yangu hayakuona kitanzi hata kimoja, ila vidole viliyapata matundu yote, sawasawa kabisa.

"Uzi huu nimeutafuta mpaka Mwanza," alisema. "Jifunike, mwalimu. Ni kazi ya mikono ya jembe."

Watu walicheka wakidhani ni utani wetu wa kawaida. Mimi niliishika ile mikono, nikamwomba radhi palepale, nikiona aibu kwamba nilichelewa kiasi hicho.

"Mbona nilishakusamehe," alisema Minza. "Siku ile ile ulipolikosa tundu."