Siku Besi Yangu Ilipomwacha Mzee Kioko

Nakumbuka Jumamosi moja ya miaka ya tisini, saa nane mchana, nilivyosimama jukwaani katika ukumbi wa Kaloleni na gitaa la besi begani, nimevaa suti ya kuazima, nikiamini kwamba Eastlands nzima haikuwa na kijana mwingine aliyezaliwa na vidole kama vyangu. Mwanangu, ukiniona leo nimekaa hapa Donholm, kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe tangu mtaro wa msingi mpaka bati la mwisho, usidhani nilizaliwa na busara. Busara niliipata kama nilivyoipata diploma yangu ya ujenzi: nilianguka mtihani kwanza.

Na diploma ninayo. Iko ukutani, ndani ya fremu, mahali ambapo mgeni hana budi kuiona kabla hajapewa chai. Nilikwenda Botswana na sanduku moja lililofungwa kwa kamba, nikarudi na kontena. Sikushikwa mkono na mjomba wala mbunge. Nakwambia haya ili ujue kwamba anayekushauri ametembea, tena ametembea kwa miguu yake.

Sasa umekuja kuniomba lile gitaa langu la zamani, kwa sababu wewe na wenzako mmeanzisha bendi. Nitakupa. Lakini kaa kwanza, chai haijapoa.

Bendi yetu ilikuwa ya watu wanne, na hakuna aliyekuwa akiishi kwa muziki. Kiongozi alikuwa Njoroge, fundi wa viatu, mpiga gitaa la ridhim, tuliyemwita Kepteni. Tulifanyia mazoezi Mbotela, uani nyuma ya kibanda chake, na stima tuliivuta kwa waya kutoka kwa shangazi yake. Shangazi alikuwa mwema, ila akitaka kupiga pasi alituchomoa katikati ya wimbo bila hata kubisha hodi. Dramu letu kubwa lilikuwa limepasuka ngozi, na kupata ngozi nyingine ikawa hadithi ya mwaka mzima, kwa hiyo mpiga ngoma wetu alibaki na dramu dogo na sahani moja. Uzito wote wa bendi ukaniangukia mimi.

Gitaa lenyewe nililinunua bila shingo. Shingo nilichongewa na jirani yetu mmoja wa Kaloleni, mtu wa Ukambani aliyezoea kuchonga twiga wa kuuzia watalii. Mkono uliozoea hauachi mazoea. Alipofika kwenye kichwa cha gitaa alishindwa kujizuia, akaliwekea masikio mawili ya twiga. Watu walicheka, lakini mimi nililipenda. Gitaa langu lilikuwa na masikio. Mwenyewe ndiye sikuwa nayo.

Wiki tatu kabla ya Jumamosi ile, alikuja Mbotela binti mmoja wa Kaloleni aitwaye Mwende, ameshikana mkono na baba yake, Mzee Kioko. Mzee alikuwa amestaafu kutoka karakana ya reli, alikounda na kutengeneza maboila ya magari ya moshi kwa miaka mingi. Kazi ile ilimmaliza masikio. Ila haikuua sauti zote. Ziliuawa zile nyembamba. Ndege hakuwasikia, kengele ya baiskeli hakuisikia, sauti ya binti yake hakuisikia. Zilizomfikia ni nzito tu, kama lori likipanda mlima au radi ya mbali. Mwende akitaka kusema naye alimgusa bega kwanza, kisha akasema polepole mzee akimtazama midomo.

"Nataka mtupigie harusi," Mwende akasema. "Lakini kuna shida. Baba mdogo anasema yeye ndiye ataniingiza ukumbini, ati babangu atatuaibisha mbele ya wakwe. Ati wimbo utaenda njia yake na babangu aende njia yake."

Unajua desturi yetu, mwanangu. Kanisani watu hutembea, lakini ukumbini huingia wakicheza, hatua mbili mbele, moja nyuma, unasimama, unayumba kidogo, unaenda. Wageni wote husimama kutazama. Mtu akikosea hatua pale, atasimuliwa mpaka wajukuu wake waoe.

"Na wewe unataka nani?" Njoroge akamuuliza.

"Mama hayuko. Nimebaki na huyu. Nataka huyu."

Tukapiga. Mzee alisimama kando ya spika kama mlingoti, anatutazama vidole kwa adabu. Hakuna kilichomfikia. Njoroge akaacha kupiga, wengine wakaacha, mimi nikabaki na noti zangu nne, mbili za kupanda na mbili za kushuka. Mguu wa mzee ukainuka. Ukashuka palepale panapotakiwa. Akacheka, akaninyooshea kidole.

"Huyu ninamsikia," akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiojisikia. "Nyinyi wengine mnanichezea mikono tu. Kijana, mimi nitakufuata wewe. Usiende mahali bila kuniambia."

Kwa wiki tatu alikuja kila jioni. Kutoka lango la uani mpaka kwenye spika, hatua mbili mbele, moja nyuma, Mwende mkononi mwake, midomo yake ikihesabu. Alikuwa mchezaji hodari ujanani, ungemwona ungejua. Baba mdogo alikuja siku moja kukagua, akakubali shingo upande. Mwende akatuletea chapati siku hiyo, na Njoroge akala nne.

Lakini mimi nilichoka, mwanangu. Noti nne kwa wiki tatu. Nilijiona farasi aliyefungwa kwenye mkokoteni wa punda. Usiku kitandani vidole vyangu vilikuwa vikitembea juu ya blanketi, vikipanda huko juu ambako besi huimba nyembamba kama solo, na nikasema moyoni, lini watu watanisikia mimi?

Siku ya harusi ikafika, na habari ikafika pamoja nayo. Ndugu wa bwana harusi alikuwa na bendi katika hoteli moja kubwa ya mjini, mpiga besi wake amemwacha, na ndugu huyo atakuwepo harusini. Nilionyeshwa kiti chake, mstari wa mbele. Koti la kahawia lilikuwa limening'inizwa juu yake, na kofia nzuri ya pama juu ya meza. 

Njoroge alinisoma kama kiatu kilichopinda soli.

"Maze, najua unafikiria nini. Leo kaa chini kwa besi yako. Huko juu kuna wenyewe."

"Kepteni, tulia."

"Mimi nimetulia. Ni vidole vyako vinawasha."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga. Ila mara nyingine, mwanangu, guu linalovunjika si la yule asiyesikia. Ni la mwenzake.

Mlango ukafunguliwa. Wageni wakasimama. Mzee Kioko akaingia katika suti ya kijivu, kidevu juu, Mwende mkononi mwake amevaa shela. Nikashusha noti zangu nne, na mzee akazikanyaga moja baada ya nyingine kana kwamba zilikuwa mawe ndani ya mto. Akina mama wakapiga vigelegele. Nilimwona baba mdogo, amekaa ukingoni mwa kiti chake, akikunja na kukunjua leso ya mfukoni. Mzee akapita meza ya kwanza, ya pili, akafika katikati ya ukumbi. Bwana harusi alikuwa mbele akimngoja, hazijabaki hata hatua ishirini.

Hapo nikatupa jicho kwenye lile koti la kahawia, na vidole vyangu vikaondoka.

Nilipanda juu. Nikapiga mambo ambayo hata mimi sikujua ninayaweza. Kijana mmoja kando ya jukwaa akapaza sauti, "Wacha besi iseme!" Nikafumba macho kwa utamu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi siku ile nilijitembeza ukumbi mzima.

Nilipofumbua macho, Mzee Kioko alikuwa amesimama. Mguu wake mmoja ulikuwa mbele, haujatua. Hakunitazama mimi kwanza. Alitazama juu, kwenye taa. Alidhani stima imepotea.

Taa zilikuwa zinawaka. Basi akashusha macho polepole, akawatazama wenzangu, akanitazama mimi, akaviona vidole vyangu vinakimbia na yeye hasikii chochote. Akaelewa. Sijawahi kuonwa namna ile tena maishani mwangu, na nimesimama mbele ya mainjinia wengi.

Nilirudi chini haraka, nikazitafuta zile noti nne, lakini baba mdogo alikuwa ameshafika. Akamshika Mwende mkono wa pili, akasema kwa tabasamu la wageni, "Lete, nitamfikisha." Mwende alikataa kwa macho, lakini watu mia nzima wamesimama, angefanya nini? Mzee akauachia mkono wa binti yake. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, meza ya watu wa upande wa pili ambao hakuwajua, na wimbo ukaisha bila yeye.

Na yule mtu wa hoteli? Alikuwa nje muda wote, kwenye foleni ya pilau. Koti lilikuwa linamshikia kiti. Aliingia akichokonoa meno, akamuuliza jirani yake, "Kwani bibi harusi ameshaingia?"

Cheka, mwanangu, hata mimi hucheka sasa. Siku ile sikucheka.

Wakati wa kukata keki nilimfuata mzee nje, alikokaa kwenye ngazi, kwenye kivuli cha ukuta. Nilimgusa bega kama alivyofanya Mwende, nikasema polepole, "Mzee, nisamehe."

Alinitazama midomo, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. Mikono ile ilikuwa mipana, imejaa makovu ya moto.

"Unajua masikio yangu yalienda wapi?" akaniuliza. "Boila huunganishwa kwa misumari minene ya chuma, inatiwa moto hadi inakuwa myekundu. Mmoja yuko nje na nyundo. Huyo watu wanamwona, anatoka jasho, anapigwa picha. Mwingine yuko ndani ya boila, gizani, anashikilia kichwa cha msumari ili nyundo ipate kitu cha kupiga. Mimi ndiye nilikuwa ndani. Kila nyundo iliingia hapa." Akagusa sikio. "Hakuna mtu alijua jina langu. Lakini kijana, sikuachilia hata msumari mmoja. Ukiachilia mmoja tu, boila inavuja, na kuna dereva na abiria wanaiamini."

Nikainamisha kichwa.

"Vidole unavyo," akasema. "Lakini nilikwambia usiende mahali bila kuniambia."

Hakunitusi. Angenitusi ningepona mapema.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa uani Mbotela, Njoroge hajasema nami neno tangu harusi, tuliposikia lango. Alikuwa Mwende, sasa mke wa mtu, amevaa leso na ndala, na baba yake kando. Mzee akasema, "Piga." Nikapiga noti nne. Wakatoka langoni, hatua mbili mbele, moja nyuma, wakapita kamba ya nguo, wakapita lundo la viatu vya kurekebishwa, wakafika kwenye spika. Mzee hakukosea hata hatua moja. Shangazi alitoka na pasi mkononi, akasimama mlangoni, akairudisha ndani bila kuichomeka. Hakuna aliyepiga picha. Picha za harusi ni za baba mdogo mpaka leo, na mimi ndiye niliyemweka pale. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amenikalia kwenye goti miaka yote.

Njoroge akafuta gundi vidoleni, akasema tu, "Haya, tupange wimbo mwingine." Nikajua nimerudishwa.

Sasa sikiliza, mwanangu, kwa sababu chai imepoa na mimi nina watu wa kuona. Wewe una vidole, nimekusikia kanisani. Utachoka na noti nne, na siku hiyo itakapofika usidanganyike kwamba hakuna anayekusikia. Yupo mmoja, mahali fulani ukumbini, ambaye anakusikia wewe tu, na hatakwambia. Kabla hujapanda juu, jiulize yuko wapi. Ukipata nafasi yako ya kupanda, panda, wala sikukatazi. Mimi mwenyewe nilipanda baadaye, nikapanda mpaka Botswana. Lakini uage kwanza. Na ukikosea, usiombe radhi kwa mdomo peke yake. Rudi ukapige zile noti nne mpaka mtu wako afike.

Mimi nimemwaga misingi ya majengo ambayo watu huyatazama juu tu, na kila nilipoona kijana anataka kuiacha mashine ya kushindilia zege akapige gumzo, nilimsimulia habari za mtu aliyekuwa ndani ya boila. Hakuna jengo langu lililopasuka. Waulize.

Haya, lichukue. Sikio moja la twiga lilivunjika safarini, usiligundishe, liache hivyo. Mungu akujalie vidole vyepesi na moyo usio na papara, akupe wenzako watakaokwambia ukweli kama Njoroge, na katika kila ukumbi utakaopiga, asipatikane hata mzee mmoja wa kusimama njiani akitazama taa.