Kitenzi Alichokikosea Shangazi

Shangazi, Mungu ampumzishe, alikuwa fundi cherehani, na Kilatini chake chote kilikuwa kitenzi kimoja. Hakujifunza kwa kupenda. Alijifunza kwa hofu.

Mumewe, Mwalimu, alifundisha Kilatini seminarini, na alikuwa na kisukari. Sukari ikipanda, alijua mwenyewe. Ikishuka, alikuwa wa mwisho kujua: angekaa anatoka jasho, mkaidi kama nini, akiapa kwamba ni mzima wa afya. Mara mbili alizimia hivyo hivyo. Mara ya pili daktari alimwambia Shangazi waziwazi kwamba ya tatu huenda asiamke.

Basi Mwalimu akamwandikia kitenzi kwenye karatasi ya kukatia nguo.

"Huyu mkorofi," alisema. "Hafuati kanuni za wenzake. Anaitwa ferre, maana yake kubeba, kuleta, kuvumilia. Leo ni fero, nabeba, fers, unabeba, fert, anabeba. Ikija jana anageuka sura kabisa: tuli, nilibeba, na latum, kilichobebwa. Ukiwaona leo na jana huwezi kudhani ni ndugu. Kichwa kisicho na sukari lazima kijikwae hapo. Niulize kila asubuhi. Nikikwama, ninyweshe kitu kitamu hata nikikutukana."

Tangu hapo siku haikuanza kwa salamu.

"Fero?"

"Fero, ferre, tuli, latum. Umeamkaje, Bi Fundi?"

Ndipo roho ya Shangazi ilipotulia, lakini mpaka mchana tu. Saa saba alipiga simu aulize tena. Wateja waliokuja kupima nguo walimcheka: "Mwenzetu, wake wengine wanaamka na chai, wewe unaamka na mtihani!" Alicheka nao, pini mdomoni, jicho kwenye simu.

Siku moja ya likizo Mwalimu alikwenda shuleni peke yake kusahihisha mitihani. Saa saba Shangazi akapiga.

"Fero?"

"Fero, fers, fert..."

"Na jana, Mwalimu? Jana inakuwaje?"

"Niache nifanye kazi, mama."

Simu ikakatika. Mama! Hilo ndilo aliloitia wanawake asiowajua. Shangazi aliiacha sindano imezama kwenye kitambaa, akanyakua chupa ya soda, akakimbia na ndara za ndani. Njia nzima alisali maneno mawili tu: Bwana, si leo. Bwana, si leo.

Mlango wa ofisi ya walimu ulikuwa wa chuma, na komeo limefungwa kwa ndani. Kupitia nondo za dirisha alimwona kwenye kona ya mbali, shati limelowa, kalamu nyekundu inachora mstari uleule juu ya karatasi ileile.

"Mwalimu, fungua!"

"Kipindi kimekwisha. Nendeni nyumbani."

Mlinzi wa shule aliutikisa mlango. "Huu mpaka aje mchomeleaji, mama."

"Mpaka aje nitakuwa mjane."

Alimbembeleza, akalia, akamtajia watoto mmoja mmoja. Mwalimu hakuinua kichwa. Mikono yake ilianza kutetemeka, na Shangazi alijua kinachofuata hapo. Akatafuta kitu chochote ambacho mume wake hajawahi kukivumilia hata siku moja, akakipata: kosa la kitenzi. Akashika nondo, akapaza sauti ya darasani:

"Fero, ferre, feravi!"

Kalamu ikasimama.

"Feravi! Feravisti! Feravit!"

"Sivyo!" Mwalimu aliinuka, akapepesuka, akishika meza hii, akishika ile. "Sivyo, bongolala wewe! Nani kakufundisha upuuzi huo? Ni... ni..."

Alifika dirishani mdomo wazi, neno analitafuta halioni. Shangazi akapitisha mkono kati ya nondo, akamtia chupa mdomoni humohumo.

"Kunywa kwanza. Litakuja."

Nusu ilimwagika kifuani, nusu ikashuka. Mlinzi alivua kofia, akasali kwa sauti. Ulipita muda ambao Shangazi hakupenda kuusimulia. Kisha macho yakarudi.

"Tuli," Mwalimu alisema polepole. "Bi Fundi, mbona una ndara?"

Waliishi pamoja miaka tisa zaidi, na kila asubuhi alimwuliza. Katika hofu yote hiyo ya kumzika mwenziwe, Shangazi hakujiangalia mwenyewe. Uvimbe wa tumboni ulipoonekana, daktari hakuwa na la kufanya. Hata hivyo kitandani aliendelea kuuliza, "Fero?", kwa sauti iliyobaki pumzi tu.

Asubuhi ya mwisho hakuuliza. Mwalimu alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika ule mkono wenye sugu la mkasi, akaanza mwenyewe: "Fero, ferre..."

Akainama karibu na sikio lake, akasema taratibu kama mtu anayebisha hodi:

"Feravi."

Akasubiri.

"Feravi, Bi Fundi. Feravi, feravisti..."

Shangazi hakumsahihisha.