Siku Inayofuata Jumatatu

Mwalimu wetu alikuwa akisema kwamba majina ni ya aina nne, na asiyeweza kuyatenganisha hajui anachosema. Jina la kawaida ni kama ng'ombe, pamba, jembe. Jina la pekee ni la mtu mmoja au mahali pamoja, nalo huanza na herufi kubwa: Shinyanga, Ushirombo. Jina la jamii ni la kundi, kama jeshi au genge. La mwisho ni la dhahania, la kitu usichokiona wala kukigusa, na mfano wake siku zote ulikuwa heshima. Hapo nilikuwa nikicheka kimoyomoyo. Alikuwa mwanamume; hakuwahi kuwa mkazamwana wa mtu. Mimi heshima niliigusa kila asubuhi, nimepiga magoti na kata ya maji ya kunawa mkononi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, na darasa lilikuwa la watu wazima, alasiri, mjini Shinyanga. Mume wangu alikuwa Nyarugusu akichimba dhahabu, akirudi mara moja moja na vumbi jingi kuliko dhahabu. Mimi niliishi kwa wazazi wake. Baba mkwe alikuwa fundi cherehani, Mnyamwezi Mwislamu, mwembamba, mpole, mtu wa utani. Alipozaliwa alipewa jina la siku aliyozaliwa, kama watu wengi wa kwao. Siku yenyewe ni ile inayofuata Jumatatu. Msomaji aihesabu mwenyewe, mimi siitaji. Kwetu mkwe hatajwi jina, na mayu, ndivyo tulivyomwita mama kwa Kisukuma, alinionya siku naondoka kwake: ukilitaja jina la mkweo, hata kwa bahati mbaya, umemvua nguo sokoni. Basi siku hiyo nikaiita siku ya mnada, kwa kuwa ndiyo siku ng'ombe walipouzwa mjini. Nyumba nzima ilinielewa, na miaka mitatu ikapita bila shida.

Shida ililetwa na hospitali. Walitaka wanawake wa kufundishwa ukunga, wanaojua kusoma, kuandika na kujibu maswali. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Dada yangu alikufa akijifungua, siku mbili juu ya ngozi ya ng'ombe, na sisi sote tumesimama pale tunamtazama, hakuna anayejua la kufanya. Hilo sitalieleza zaidi.

Siku ya mtihani mwalimu alikaa nyuma ya meza pamoja na nesi mkuu, Mzungu aliyejua Kiswahili vizuri. Nilisoma bila kukwama. Imla nilikosa neno moja tu. Kisha mwalimu, akitaka kunirahisishia, akasema, "Nitajie majina saba ya pekee yanayofuatana. Siku za juma."

"Jumamosi," nikaanza. "Jumapili. Jumatatu. Siku ya mnada. Jumatano..."

"Ngoja. Hebu rudia."

Nikarudia, na mnada wangu palepale.

Nesi akaweka kalamu chini. "Siku ya mnada si jina la siku. Kila mji una mnada wake. Mtoto akizaliwa mikononi mwako, utaandika kazaliwa siku ya mnada?"

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Ningeweza kueleza, lakini kueleza kwamba jina fulani hulitaji ni sawa na kulinyooshea kidole. Wakanipa wiki mbili. Nikishindwa tena, nafasi atapewa mwingine.

Aliyepeleka habari ni mwalimu. Alikwenda kwa baba mkwe kupunguziwa suruali, akasimulia kama kichekesho: mkazamwana wako anasoma vizuri ajabu, lakini siku za juma hazijui. Baba mkwe hakucheka. Jioni ile akaniita. Nikapiga magoti nje ya mlango wa chumba chake cha kushonea, macho chini.

"Nasikia nimekufelisha," akasema.

Nikazidi kuinama.

"Kutaja huwezi. Na kuandika je?"

Hilo sikuwahi kuliwaza. Akanirushia chaki yake na kipande cha kitambaa cheusi. Nikaandika. Mdomo haukuwa na kosa.

"Hapo ni mimi au ni siku?"

"Haijulikani, baba. Yote mawili ni majina ya pekee. Yote yana herufi kubwa."

"Lo! Sasa mtu atanitofautishaje na siku?"

"Kwa neno linalofuata." Nikaliandika tena chini ya lile la kwanza, na mbele ya kila moja nikaongeza neno. Nikamsomea mikia tu. "Hii ya juu, imefika. Hii ya chini, amefika. Siku inachukua *i*. Mtu anachukua *a*."

Hakujua kusoma. Alikigeuzageuza kile kitambaa kama anayetafuta mshono ulioachia. "Yaani miaka sitini yote," akasema, "kati yangu na siku pana *a* tu." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema taratibu, "Basi wewe taja ile ya *i*. Ya *a* niachie mwenyewe."

Ruhusa nilikuwa nayo. Ulimi ndio ulikataa. Nilijaribu kisimani, nilijaribu jikoni, nilijaribu hata kichwa kikiwa ndani ya mtungi. Wifi yangu akanicheka: "Sema tu, we! Heshima si utumwa." Maneno rahisi hayo, yeye alikuwa kwao. Nilimchukia mwalimu, nikamchukia na yule aliyempa mtoto jina la siku wakati majina yamejaa duniani.

Mtihani wa pili ulikuwa Jumatatu. Baba mkwe alifunika cherehani yake, akachukua mwavuli, akatangulia. Mimi nikamfuata hatua kumi nyuma. Hakuniambia anakwenda kufanya nini. Nilipoingia ndani, yeye akakaa nje kwenye benchi la wagonjwa, chini ya dirisha.

"Siku za juma," akasema mwalimu. "Safari hii zote."

"Jumamosi. Jumapili. Jumatatu."

Nikakwama. Nesi akaishika kalamu yake. Nikamwona dada yangu juu ya ile ngozi. Nikafumba macho, nikalisema, zima, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na upesi nikalifungia mkia wake ili pasiwe na makosa: "Imefika!"

Nje ya dirisha sauti ikaitika, kwa adabu kabisa, kama ya mtu aliyeitwa na mkubwa wake: "Naam! Na mwenyewe amefika!"

Nililia palepale mbele yao. Mwalimu alielewa kabla ya nesi, akainamisha kichwa. Nilipomaliza siku zilizobaki, nesi akauliza ni nani yule.

"Baba mkwe wangu."

"Anaitwa nani?"

"Jina lake silitaji," nikamwambia.

Akanitazama, akatazama dirisha, akaandika kitu kwenye kitabu chake. Nimepita, akasema, nafasi ni yangu, naweza kuanza kesho asubuhi. "Leo Jumatatu, kwa hiyo kesho ni..." Akangoja nimalizie.

"Nitaanza Jumatano," nikasema.