Chapati za Kerende

Mugesi alipopanda mizani ya zahanati kwa mara ya kwanza, alivua viatu. Sindano ilipogoma kurudi nyuma akavua kilemba, kisha kanga ya juu, kisha bangili. Alipoanza kushika hereni, nesi Veronika alimzuia.

"Bibi, hata ukivua meno, presha haishuki. Punguza ugali, utembee."

Alikuwa amekuja na Robi, mke wake. Ndiyo, mke. Mugesi alibaki mjane bila mtoto wa kiume, na kwa Wakurya nyumba kama hiyo haiachwi izimike. Alitoa ng'ombe wa marehemu akamwoa Robi, ili watoto atakaozaa na mwanamume wa kuchaguliwa wawe wa nyumba ile. Mtoto alikuwa bado. Lakini sasa kulikuwa na mtu wa kumwita Mama, na Mugesi, aliyekuwa amezoea kuongea na kuku, hakuwa na haraka.

Robi aliyachukua maneno ya nesi kama amri ya serikali. Ugali aliupima kwa ngumi yake, nayo ngumi yenyewe ndogo.

"Robi, hiki ni chakula au unanionyesha tu?"

"Kula, Mama. Ukianguka, mjukuu atabebwa na nani?"

Mugesi akala, akalamba vidole, akachungulia jikoni. Sufuria ilikuwa imeshaoshwa.

Asubuhi wakawa wanatembea hadi Kerende, ambako dhahabu ilikuwa imewapa watu wazimu. Mashamba ya mahindi yaligeuka mashimo, vijana wakazama humo, wanawake wakaosha mchanga. Na penye wachimbaji hapakosi chapati. Mugesi alizinusa kabla hajaziona. Haukupita muda akapata ujanja: akaketi kwenye gogo karibu na kibanda cha Agustina, mpika chapati, akashika goti na kukunja uso.

"Goti limekataa, mwanangu. Wewe nenda kaangalie wanavyoosha mchanga. Usiharakishe."

Robi akaenda. Mugesi akashindilia chapati na maharage, akapangusa mdomo kwa upindo wa kanga. Msichana aliporudi alimkuta bibi analisugua goti na kuguna.

"Limepoa, Mama?"

"Kidogo."

Njia nzima ya kurudi Mugesi alicheka moyoni. Ikawa ndiyo desturi yao. Robi naye alianza kuchelewa, na kila alipochelewa Mugesi alishukuru Mungu, akaagiza nyingine. Veronika aliitazama mizani, akamtazama Mugesi, akashindwa kuelewa mtu anatembeaje hivyo huku ananenepa. Mugesi akasingizia hewa ya asubuhi.

Kisha ikaja siku chapati zikaisha, Agustina akafunika kikaango, na Robi hakurudi. Mugesi aliinuka kumtafuta, na goti halikumsumbua hata kidogo. Wachimbaji walimjibu bila kumtazama usoni. Robi ameondoka na Simoni, kijana wa shimo la bondeni, wameelekea Sirari, huenda wameshavuka mpaka. Walizoeana pale kwenye kuoshea mchanga.

"Binti alikuwa anamfuata wakati wewe unapumzika, Bibi," mmoja akasema. Alisema kwa huruma, na hakujua amemchoma kisu.

Waitara, shemeji yake, alitaka kukusanya watu wamfuate Simoni, ng'ombe walipwe. Mugesi alikataa. Nyumba ya mumewe ilikuwa inazimika, hilo alilijua, na ng'ombe wangerudi zizini wakamtazama tu. Yeye alimtaka mtu wa kumnyima ugali. Alimtaka Robi, na mkono wake mwenyewe ndio uliokuwa ukimsukuma aende kule, kila asubuhi, kwa ajili ya chapati.

Alipita Kerende mara moja tu baada ya hapo. Agustina alimpa chapati ya moto, akakataa hela. Mugesi aliikunja, na kwa mazoea akageuka kutazama kama Robi anakuja. Njia ilikuwa na watu wengi, na Robi hakuwamo. Alimega tonge moja tu. Iliyobaki akamtupia mbwa.

Mvua zilipokatika alirudi zahanati. Safari hii alipanda mizani na viatu vyake, kilemba na bangili. Sindano ilikuwa imerudi nyuma sana. Veronika alifurahi mpaka akapiga makofi, akawaita akina mama waliokuwa kwenye benchi.

"Bibi, wafundishe wenzio. Umefanyaje?"

Mugesi aliwatazama.

"Zamani nilikuwa nakula kwa kujificha," akasema. "Sasa sina wa kumficha."

Wanawake wakacheka, maana Mugesi walimjua kwa utani. Naye akacheka kidogo, wasije wakamuuliza zaidi. Kisha akaenda nyumbani, akapika ugali. Akajipimia kwa ngumi, lakini ngumi yake ilikuwa kubwa, akapunguza, akapunguza tena, mpaka ukalingana na ule wa Robi. Akaosha sufuria kwanza, ndipo akakaa kula.