Pua Juu ya Paa

Bomba lile nililitengeneza mimi, na lilikuwa zuri. Nalisema mapema, asije mtu akaniambia mbele ya safari kwamba mtani wangu alikufa kwa ufundi mbovu. Ufundi haukuwa na kasoro. Ungekuwa nayo, huenda angekuwa hai, maana gari lingezimika maji yakiwa bado magotini, tukalivuta kwa kamba, tukarudi Tabora na matusi ya bwana masikioni. Matusi tulikuwa tumeyazoea.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Bwana wetu alikuwa afisa wa idara moja ya serikali, na sina haja ya kuitaja. Mimi nilikuwa fundi bati kwenye karakana yake. Kila masika mto wa njia ya Ipole ulijaa, njia ikakatika, na yeye akabaki mjini amenuna, akitafuta wa kumfokea. Alikuwa amepewa gari jipya la porini, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, juu lina turubai. Tope halikulisumbua. Maji ndiyo yaliyolishinda, kwa sababu injini inavuta hewa kutoka chini ya boneti, na ikivuta maji badala ya hewa, imekwisha.

Siku moja akaniita, akachora kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Vitani, alisema, aliona malori yakishuka melini na kupita ndani ya bahari, kila moja na bomba limesimama juu kama shingo ya korongo. "Wewe fanya mimi bomba kama ile," akasema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. "Gari pumua juu, maji kaa chini." Nitamsema mengi mtu yule, lakini kwa mashine alikuwa na akili. Alijua anachotaka.

Nikalikata bati la mabomba ya mvua, nikalikunja, nikalilehemu mshono mmoja mrefu. La kwanza lilikuwa jembamba. Injini ikakohoa, ikakosa nguvu, bwana akalitupa uani kwa teke. La pili nikalipanua. Nikatoboa madigadi, nikaliunga bomba na chujio la hewa kwa mpira wa rejeta ya lori bovu, nikabana huku na huku. Kutoka hapo likapanda kando ya kioo cha mbele mpaka juu ya paa, na mdomo wake nikaugeuzia nyuma ili mvua isiingie. Kile kichwa kinachogawa moto kwenye plagi tukakifunika kwa grisi na nta ya Ipole, tukaikandamiza kwa vidole kila upenyo. Mkanda wa feni tukasema utakuwa unavuliwa kabla ya kuingia majini, isije feni ikarusha maji kila mahali.

Mtani wangu alikuwa akikaa pembeni akitukana kazi yote hiyo. Ndiye aliyekuwa dereva wa bwana. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Babu zetu walikula vumbi la njia moja siku za misafara, na tangu hapo tumeachiwa ruhusa ya kutukanana bila kukasirika. Na tuliitumia! Mimi kwake nilikuwa mpagazi. "We mpagazi, meno ya ndovu yamekwisha, sasa unabeba mabati?" Yeye kwangu alikuwa mla nazi, mvivu wa pwani aliyetoroka ngoma kwao kwa sababu hata kucheza hajui. Alikuwa na tabia moja: akianza mzaha, kicheko kilimtoka kabla ya neno lenyewe. Mara nyingi ilibidi tumpige mgongoni ndipo amalizie alichotaka kusema.

Jambo moja lilikuwa la kweli, na ndilo nililolichezea kuliko yote. Mtu wa pwani yule hakujua kuogelea. "Kwetu bahari tunaiangalia siku ya Idi, tunarudi nyumbani," alikuwa akisema, akicheka. Maji yakimpita magoti alikuwa anabadilika sura. Karakana nzima ilijua. Nani asiyejua?

Bomba likishafungwa, linajaribiwa hivi: unawasha injini, unaziba mdomo wa bomba kwa kiganja. Injini ikizima, bomba ni zima. Ikiendelea kunguruma, ujue kuna mahali panavuja, inaiba hewa kwingine, na itaiba maji vilevile. Nikaziba. Kiganja kikavutwa mpaka kikaniuma, injini ikatikisika, ikafa. Bwana akapiga makofi. Mtani wangu akasogea, kicheko kimeshamtoka, akasema, "Hebu nizibe na mimi tuone kama navuja." Nikamkaba pua na mdomo kwa kiganja kilekile chenye lehemu. Akarusharusha miguu, watu wakashangilia, na nilipomwachia akaanguka chini akitweta na kucheka. "Mzima huyu," nikawatangazia. "Havuji."

Basi tukaliita bomba lile pua ya gari. Tukalijaribu kwenye kijito nje ya mji, gari likapita huku maji yakiwa kwenye boneti, na bwana akawa kama mtoto aliyepewa baiskeli. Wiki ileile ikanyesha mvua kubwa, naye akatangaza safari ya Ipole. Hakukuwa na shughuli ya haraka huko. Alitaka tu kuwaonyesha wenzake kwamba mto uliowazuia wote hautamzuia yeye.

Tulifika mtoni asubuhi, pamoja na mpishi na wabeba mizigo wa bwana. Mto ulikuwa mwekundu, umevimba, unapita na matawi. Mimi nimekulia mtoni, na nilipoyatazama yale maji nikajua kwamba katikati yamefukua, kwa jinsi yalivyokuwa yakizunguka. Nikamwambia bwana, "Hapo kati pana shimo." Akauliza, "Bomba refu hapana?" Nikasema refu. "Basi." Akatuamuru tulifunge turubai, pande zote, tukaze kamba kwenye kila tundu, maana nyuma kulikuwa na masanduku yake na hema, na hakutaka yasombwe na maji. Milango nayo ikafungwa kwa kamba. Yeye mwenyewe hakuingia. Alisema atatazama kutoka ukingoni, aone jinsi bomba linavyofanya kazi.

Mtani wangu alikuwa ameshika usukani. Kioo cha mlango kilikuwa kimefunguliwa kidogo, akatoa uso.

"Bwana," akasema, "pua ya gari iko juu ya paa. Yangu mimi iko chini ya paa."

Lo! Tulicheka. Wabeba mizigo walicheka, mpishi alicheka, mimi nilijipiga paja. Hata bwana, alipoelewa, akacheka mpaka kofia ikamlegea. Na kwa kuwa ni mtani, na mtani haachi neno lipite bila kujibiwa, nikampigia kelele: "Subiri masika ijayo, mla nazi, na wewe nikulehemu bomba! Leo bati limekwisha!" Wakacheka zaidi.

Akanitazama. Akamgeukia bwana tena, akasema, "Bwana, mimi sijui kuogelea."

"Gari ogelea," bwana akasema. "Wewe kaa tu. Gari hapana ogopa, wewe ogopa nini? Kama wewe ogopa, shuka, nenda kwenu Dar es Salaam kwa miguu. Mimi tafuta dereva mwanamume."

Na hakuwa anatisha bure. Dereva aliyemtangulia alifukuzwa kwa neno dogo kuliko hilo, akatolewa kwenye nyumba ya serikali na watoto wake siku hiyohiyo, mvua ikinyesha. Mtani wangu alikuwa na mke mjini, mwanamke wa Tabora, na mimba ilikuwa imeshaonekana. Akarudisha uso ndani, akatia gia.

Gari liliingia vizuri. Boneti ikazama, kioo kikafikiwa nusu, na pua ile ikabaki juu, imeelekea nyuma, inavuta. Mapovu ya ekzosi yalikuwa yakichemka nyuma yake. Bwana alikuwa akipiga hatua ukingoni akilifuata kwa macho, akipaza sauti, "Kanyaga mafuta! Usiachie!" Halafu magurudumu ya mbele yakafika kwenye shimo nililolisema. Gari likainama kichwa, turubai likazama lote. Juu ya maji ikabaki pua peke yake, na injini ilikuwa bado inanguruma.

Tulisikia wote. Ndiyo maana kwa muda tulisimama kama wapumbavu. Mashine inayonguruma humfanya mtu adhani aliye ndani yu salama. Bwana alikuwa bado anapiga kelele ya "Kanyaga!" na ninaamini mguu wa mtani wangu ulikuwa bado umekanyaga, mafuta mpaka chini, kwa sababu sauti ilipanda, haikushuka.

Mimi nikajirusha na kisu. Maji yalinipiga ubavuni, nikalishika bomba langu ili nisichukuliwe, nikazama, nikapapasa turubai. Kamba tulikuwa tumezikaza sawasawa, kama tulivyoamrishwa. Upande wa ndani kulikuwa na kitu kinachosukuma turubai, kinasukuma na kuacha, na nikakata pale. Kisu kikakwama kwenye ushonaji. Nikapanda kuvuta hewa, nikarudi, nikakata tena. Nilipoingiza mkono nikakuta kiganja chake. Nikakishika. Hakikunishika.

Wenzangu walikuja na kamba, tukamtoa, akalazwa ukingoni, wakamkamua maji kwa kumkandamiza tumbo mpaka mpishi akasema jamani mwacheni. Muda wote huo injini inanguruma. Nilishindwa kuivumilia. Nikarudi majini, nikapanda juu ya paa lililozama, nikaziba mdomo wa bomba kwa kiganja. Kiganja kikavutwa, kikauma. Injini ikatikisika, ikafa. Halikuvuja hata kidogo.

Bwana alikuwa amevua kofia. Alimtazama marehemu kwa muda, sitasema kwamba hakumtazama. Kisha akalitazama bomba. "Bomba hapana kosa," akasema. "Dereva ndiyo iliona hofu." Nilikuwa bado na kisu mkononi. Mpaka leo sijui kwa nini hakikutumika, na mara nyingine najilaumu kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

Tulimzika Tabora. Bwana hakuja. Alituma gunia la mchele, na aliyelileta akaniambia kwa sauti ya chini kwamba bwana anauliza gari likishavutwa nitalinyoosha lini bomba, maana limepinda kidogo, na dereva mwingine ameshapatikana. Mchele tukaupika. Ungefanyaje? Watu wana njaa.

Mnajua msiba wa mtu mwenye mtani. Kwao Uzaramo kulikuwa mbali, jamaa zake hawakuweza kufika, na mjini pale mtani wa kumfanyia kazi ya mtani, kumwigiza marehemu na kuwachekesha wafiwa, nilikuwa mimi. Bibi mmoja akaanza: "Mtani yuko wapi? Msiba gani huu umepooza hivi?" Wengine wakadakia. Sikutaka. Wakanivuta mkono. Huwezi kukataa, marehemu ataombolezwaje kama mtu asiye na watu?

Nikaenda nikachukua kipande cha bati kilichobaki nilipolikata lile bomba. Nikakishikilia puani, nikajifunga shuka alivyokuwa akijifunga yeye, nikatembea mwendo wake wa kutupa miguu. Nikalia kwa sauti yake: "Bwana! Pua ya gari iko juu ya paa! Yangu mimi iko chini ya paa!"

Walicheka. Wallahi, walicheka kama tulivyocheka mtoni. Wazee walijifuta macho, kina mama walishikana mabega, na yule bibi akasema, "Huyo ndiye yeye! Huyo ndiye yeye hasa!" Nikaongeza na jibu langu, la kumlehemu bomba masika ijayo, wakaangua kicheko upya.

Mjane alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Sauti yake ikatoka pale, si kubwa.

"Shemeji."

"Naam, shemeji," nikasema.

"Alisema hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

"Kabla hajaingia majini?"

"Kabla."

"Nanyi mkacheka."

"Tulicheka, shemeji. Wote."

Nilidhani amemaliza, nikaanza kuifungua ile shuka.

"Na yeye?" akauliza. "Yeye alicheka?"

Nikakitoa kile kipande cha bati puani. Nikautafuta akilini uso wa mtani wangu pale dirishani mwa gari, nikautafuta tena, na watu wote walikuwa wananingoja.

"Hapana, shemeji," nikasema. "Yeye hakucheka."