Kurasa Tatu Zilizokatwa kwa Wembe

Nakumbuka vizuri asubuhi niliyolifungua lile jarida, mwanangu, maana harufu yake ya vumbi na gundi hunirudia kila nikikuona hapa Kigera umeinamia simu, unasoma mistari mitatu ya muhtasari, kisha unasema makala umeimaliza. Usinune. Mimi nilifanya vibaya kuliko wewe.

Ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa, nami nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Baba mdogo aliniandikia kwamba kamati ya kijiji imependa mteremko mmoja wenye nyasi nzuri, kati ya Butiama na Bunda, lakini bibi yangu Wakuru, aliyenilea, ameukataa. "Pale watu hawalalaga," alisema, wala hakuongeza neno. Kamati ilitaka kujua kama kuna makaburi. Kwetu, waliokufa kwa ndui walizikwa bila alama, na kuwataja ulikuwa mwiko. Mimi sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba bibi hana karatasi, na nitakayeileta ni mimi.

Nilipekua droo za kadi za maktaba ya chuo siku mbili nzima, hadi nikaipata: makala ya daktari mmoja wa misheni kuhusu mteremko uleule, katika jarida la zamani. Nikalitoa rafuni. Ukurasa wa kwanza ulisema pale ni malisho matupu. Kurasa tatu zilizofuata zilikuwa zimekatwa kwa wembe.

Mkutubi, mama mmoja asiye na haraka, alinipa fomu. "Jaza hapa. Tutaomba nakala maktaba nyingine, watakutumia kwa posta."

"Itachukua muda gani?"

"Wiki kadhaa. Ila kijana, ulichosoma bado si makala."

Nikajaza anwani ya Musoma, halafu nikaandika ripoti kana kwamba nimesoma yote. Hakuna makaburi, niliandika. Nilipofika nyumbani likizo, kamati ilinipigia makofi, nami nikavimba kichwa kwelikweli.

Tukapima viwanja na kupigilia vigingi. Kesho yake asubuhi tulikuta tisa vimeng'olewa, vimelazwa ubavu kwa ubavu, vichwa vyote vikielekea mlimani, kama watoto wanavyolala kwenye ngozi moja. Tukavirudisha. Siku ya pili, tisa tena. Siku ya tatu nilitangulia peke yangu, nikavikuta tisa vimelala tena. Kwenye vigingi vinane nyasi zilikuwa zimekanyagwa. Kando ya kile cha tisa, cha mwisho pembeni, umande haukuwa umeguswa. Ng'ombe nao walikula mpaka pale wakageuka. Niliogopa, mwanangu, lakini ningewaambia nini watu walionipigia makofi? Na kiwanja cha pembeni pale, kilichokuwa kimeanza kuchimbwa msingi, kilikuwa cha bibi yangu.

Bahasha yenye nakala ikafika. Niliisoma nikiwa nimesimama palepale posta, Musoma. Daktari alieleza kwamba malisho yale ni matupu kwa sababu watu wanayaepuka: watoto tisa wa ndui wamelala pale, aliwazika yeye mwenyewe, na majina yao ameyaandika. La tisa lilikuwa Wakuru. Nikazirudisha karatasi kwenye bahasha, nikashika njia ya nyumbani.

Nilimkuta bibi uani akipepeta mtama. Nikamsomea majina, naye akaitikia kwa kichwa, moja baada ya jingine, mpaka la nane.

"Hao mama yangu alinihesabia mara moja tu, kabla sijaolewa. Vigingi nilikuwa nalazaga mimi, kabla ya kukamua."

"Vyote tisa?"

"Nane. Mimi nalazaga nane tu."

"Wa tisa ameandikwa Wakuru, bibi. Daktari ameandika ni binti wa mama yako, alikufa kabla hujazaliwa."

Ungo ukamtoka mikononi. Maisha yake yote alijua amerithi jina, ila hakuwahi kuambiwa la nani. Mama yake aliweza kuwataja watoto wa wenzake wanane. Wa kwake mwenyewe alimshinda kumtaja. Bibi akalia kama mtoto, nami nikalia kwa aibu. Kidogo tu, ningemjengea kitanda juu ya dada yake.

Jioni ile nilisimama mbele ya kamati nikasema nimesoma ukurasa mmoja na kudanganya kurasa tatu. Mwenyekiti alinitukana mpaka akachoka. Kijiji kilihamishiwa ng'ambo ya kijito, na msingi ule tukaufukia kwa mikono yetu. Nani aliyekuwa akilaza kigingi cha tisa sijui, wala sijawahi kutaka kujua.

Basi mwanangu, usitaje makala ambayo hujaisoma mpaka mwisho. Ukikuta kurasa hazipo, nenda kwa mkutubi, omba, kisha ungoje. Na ukiulizwa kabla hazijafika, sema bado hujasoma. Na pale mtu asiye na karatasi anapokataa jambo, muulize mara ya pili, kwa upole.

Mungu akupe subira ya kufika ukurasa wa mwisho, na yeyote anayekusubiri huko akupokee vizuri.