Nilimvua Kofia Baba Mkwe

Mwenzenu nilikosa, tena mchana kweupe, watu wakinitazama! Sogea shoga nikwambie, maana nikikaa nalo peke yangu nitacheka nife.

Zama zile za Ujamaa nilifanya kazi kiwanda cha nyuzi, Kibaha. Mzaramo wa Kisarawe mimi, mdomo haukai. Kota zetu zilijaa kila kabila: Wamakonde, Wapare, jirani yangu Mnyamwezi, na Shaabani wangu, Mhaya wa Bukoba, fundi wa mashine. Jamani, nilimpenda yule kaka! Baba yake alikuwa anakuja Ijumaa kuniona na kuleta posa.

Alhamisi tunatoka shifti, namwona mzee getini, kavaa pama, kashika mwamvuli.

"Shikamoo mzee. Watokea wapi?"

"Marahaba. Nimeshuka treni ya Tabora."

Tabora! Nikajua Mnyamwezi huyu, mtani wangu! Si unajua Mzaramo na Mnyamwezi, mnatukanana, mnanyang'anyana vitu, na kununa hakuna. Nikamvua kofia, nikaivaa mimi.

"Mtumwa wangu wee, umechelewa! Kofia utaipata ukinichotea maji ndoo mbili!"

Wenzangu hoi kwa vicheko. Mzee wa watu akanitazama, akaenda bombani, akabeba. Mimi nyuma yake nakata viuno.

Hatujafika mlangoni kwangu, Shaabani huyo anakuja mbio. "Baba! Umefika leo?"

Lahaula! Kumbe Tabora alibadilisha treni tu!

Mzee akatua ndoo. "Shaabani, ndiye huyu?"

"Ndiye, baba."

"Basi kesho narudi Bukoba."

Nililia, shoga! Posa yangu inaondoka na mwamvuli wake, na kofia bado iko kichwani kwangu.

Jirani yangu Mama Kashinde, Mnyamwezi wa kweli, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akajifunga kanga akaenda kuniombea msamaha, maana hiyo nayo ni kazi ya mtani. Akarudi anajifuta machozi ya kicheko.

"Mzee anasema nawe umpelekee ndoo mbili, kiwanda kizima kikitazama. Na kofia usivue!"

Nikabeba, mikono inakatika, pama linaniziba macho, shifti nzima inanipigia makofi. Haya gani ile!

Mzee akanywa kikombe kimoja. "Maji yenu yana chumvi," akasema. "Lakini kisima chetu kiko mbali kuliko hapa. Atafaa."

Nikaolewa! Ila jina la Mama Ndoo halijanitoka, hata wajukuu wananiita hivyo. Nimekoma.

Nanyi mabinti, msimtanie mtu kwa kituo alichopandia treni. Ulizeni kabila kwanza!

Siku ya harusi nilimrudishia kofia, nimepiga magoti. Akanivalisha tena juu ya mtandio wangu. "Kaa nayo, mwanangu," akasema. "Kuanzia leo mtani wako ni mimi."